Sauti ya Pili

Mke wangu hukata tiketi mlangoni mwa jumba la sinema. Mimi huuza bisi pembeni yake. Mtaani wanamwita Sauti ya Pili, maana zamani aliimba na kaka yake: kaka akitangulia, yeye anaitikia. Kaka alipofariki, aliacha kuimba kabisa. Hata mtoto wetu alibembelezwa kwa sauti yangu mbovu.

Kisha ikaja filamu ya kuwakejeli matajiri wa muziki. Wahakiki waliimwagia sifa. Mmoja alisema redioni kuwa humo kuna prodyuza tapeli anayepiga kanda ya mwimbaji aliyekwisha kufa. Kanda inaimba mstari mmoja, inanyamaza, naye anaisubiri iendelee. "Kimya kile ndicho kichekesho cha mwaka!"

Siku ya kwanza ukumbi uliangua kicheko. Mke wangu alinishika mkono.

"Baba watoto, ile ni sauti ya kaka."

"Si kampuni iliyowarekodi iliwauzia watu wa filamu kanda zake? Ni filamu tu, mama."

"Filamu haivuti pumzi vile. Ananisubiri mimi."

Kila onyesho kimya kilirefuka. Fundi wa mitambo alinitania: "Shemeji, filamu yenu inanenepa! Unailisha bisi?" Lakini hakucheka. Watazamaji ndio waliocheka, kwa kuwa redio imesema inachekesha.

Nyumbani mke wangu hakula. "Nikimwitikia, atapumzika," aliniambia, "au atanichukua?" Nilimsogezea chai tu.

Jumamosi mchana aliweka tiketi chini, akaingia, akasimama nyuma ya viti vya mwisho. Kaka akaimba, akanyamaza. Watu wakaanza kucheka. Mke wangu akaitikia.

Kicheko kilikatika. Pale kwenye skrini, prodyuza aligeuza shingo, kama anayetafuta nani kaimba. Na kaka akaendelea na ubeti wa pili, ule aliomtungia dada yake akiwa kitandani hospitalini, ambao hakuna kanda iliyowahi kuunasa.

Wiki iliyofuata mhakiki yuleyule alilalamika kwamba filamu imeharibiwa: nani ameongeza sauti ya mwanamke? Kumbe hata kwenye majumba mengine inasikika.

Mke wangu sasa anakula, ananenepa, anaimba akiosha vyombo. Ila siku hizi yeye ndiye anayetangulia. Anaimba mstari mmoja, ananyamaza, anatabasamu, ndipo anaendelea.

Wakati ule wa kimya, mimi siingii jikoni.