Mistari Mitatu ya Mwalimu Breki

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifundisha watu kuendesha gari, na wanafunzi wake wote, waliofaulu na waliokata tamaa, walimjua kwa jina moja tu: Breki. Gari la chuo cha udereva lilikuwa na pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu, na mguu wake haukuwahi kuiacha ipumzike. Mdomo nao vilevile. Kioo, gia, mguu, kioo nimesema. Hata nyumbani, mkewe akitoka jikoni na sinia la chai, alisikia kutoka sebuleni kwamba kona ile ameikata mapema mno.

Mkewe ndiye aliyemburuta hadi zahanati, maana kichwa kilikuwa kinamgonga kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nesi alimfunga mkono, akatazama kipimo, akakitazama tena, kisha akamwandikia vidonge vya presha. Juu ya vidonge akamwongezea dawa ambayo Breki hakuwahi kuisikia: kila siku atulie dakika tano, atazame kitu kimoja kilicho mbele yake, akiandike kwa mistari mitatu mifupi. Vina si lazima. Mawaidha hayatakiwi. Aandike anachokiona, basi, na moyo utapunguza mwendo wenyewe.

Breki aliuliza kama hiyo dawa haipatikani kwa njia ya sindano. Nesi hakucheka.

Breki alikuwa mtu wa kufuata maagizo, hata yale anayoyadharau. Alinunua daftari dogo la kutia mfukoni, akachora safu mbili, moja ya tarehe na moja ya shairi. Kesho yake, akimsubiri mwanafunzi wa kwanza, alitazama juu, akaandika:

Mawingu yamekaa kulia.
Yangeanza kushoto
yangepita vizuri.

Akasoma, akaridhika. Siku ya pili alimwandika paka aliyevuka barabara bila kuangalia pande zote mbili. Siku ya tatu ikawa zamu ya jani lililoanguka bila kutoa ishara. Mkewe aliposomewa alikaza uso kwa nguvu zake zote, akasema mashairi yana ukweli mwingi, kisha akaenda kumalizia kicheko chake bafuni.

Wiki ya pili dakika tano zikawa hazimtoshi. Akaanza kuandika hata garini, kwenye taa nyekundu, na baadaye hata kwenye za kijani. Na kwa kuwa mtu hawezi kupima maneno huku anagomba, akanyamaza. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Wanafunzi waliozoea kukemewa kila hatua kumi walijikuta ndani ya gari lenye ukimya wa maktaba, na ukimya ule uliwatia hofu kuliko kelele. Karani mmoja wa benki, aliyebakiza siku nne tu kufanya mtihani, alizimikiwa na gari mara sita katika mtaa mmoja, mwishowe akaegesha kando na kuanza kulia, akiomba aambiwe tu kosa lake. Breki alimtazama kwa upole, akamwuliza kama analijua neno jingine la moshi.

Mwanafunzi mmoja tu hakushtuka. Alikuwa mkunga mstaafu, mama wa miaka sitini na minne, aliyeamua kujifunza gari baada ya kuchoka kuwasubiri watoto wake wampeleke anakotaka. Aliendesha taratibu, mgongo umenyooka, na kila alipomwona mwalimu anaandika, alidhani anapewa alama.

Asubuhi moja walikuwa uwanjani mwa chuo wakifanya mazoezi ya kurudi nyuma. Breki alikuwa amemwona kunguru juu ya waya wa umeme. Mistari miwili alishaipata. Wa tatu ulikuwa unamponyoka. Mama mkunga aliuliza kama aendelee kurudi. Mwalimu akaguna. Mama akauliza tena, akaguniwa tena. Gari likaendelea, likapita mstari mweupe, likapanda ukingo, likaingia kinyumenyume katikati ya maua ambayo mkuu wa chuo huyamwagilia kwa mkono wake mwenyewe, likazimika. Mguu wa Breki ulikuwa mbali na pedali.

Alifungua mdomo. Maneno yote aliyoyabana wiki tatu yalikuwa yameshapanga foleni. Lakini mama alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, akachukua daftari magotini pa mwalimu, akavaa miwani, akasoma kurasa nane hivi bila haraka, huku matawi yamebana dirisha la nyuma.

"Mwalimu," alisema, "haya si mashairi. Haya ni matokeo ya mtihani. Paka umemfelisha, jani umelifelisha, mawingu nayo hayakupona."

Breki alijitetea kwamba nesi alimwagiza aandike anachokiona.

"Sasa mimi umenionaje leo, kabla hatujaingia humu?"

Breki aliwajua wanafunzi wake kwa miguu; nyuso walikuwa nazo, bila shaka, ila hazikuwa kwenye somo. Ikambidi ageuke. Alimtazama mama yule kwa muda, mpaka pumzi zake mwenyewe zikatulia bila kuambiwa. Kisha akaomba daftari lake, akaandika:

Mikono miwili ya mama
imetulia kwenye usukani.
Gari limezimika.

Hakuongeza kitu. Mama alisoma, akasema hilo linaweza kupita, akamwomba sasa aweke mguu mahali pake ili watoke kwenye maua ya watu.

Mkuu wa chuo alikuja mbio na mpira wa maji mkononi, akitarajia zile kelele zinazojulikana mpaka mtaa wa pili. Akakuta gari linatoka polepole, mwalimu anaelekeza kwa sauti ya chini, na mwanafunzi anatabasamu. Mkuu alikuwa mtu wa biashara. Maua aliyasahau papo hapo. Wiki iliyofuata kibao kipya kilisimama getini: chuo kina mwalimu mtulivu, wenye woga karibuni.

Wakaja. Walikuja waliokimbia vyuo vingine, waliofeli mara tano, na mmoja aliyekuwa akifumba macho kila akiona lori. Wote walipangiwa Breki, kuanzia saa moja asubuhi hadi jua linapozama. Mama mkunga alifaulu mtihani mara ya kwanza na hakuonekana tena, ila siku mojamoja alipiga honi akipita getini.

Miezi miwili ilipokwisha Breki alirudi zahanati, daftari mfukoni, amejaa matumaini. Nesi alimfunga mkono: presha ilikuwa palepale. Akapekua daftari, akasifu, hasa lile shairi la usukani. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeongeza dozi, akamwambia kuanzia kesho aandike mawili kwa siku, asubuhi na jioni, baada ya chakula.

Mkewe alikuwa anamsubiri nje kwenye benchi. Alimwuliza mambo yamekwendaje. Breki alimtazama, akamwambia taratibu kwamba ameanza kuota mvi kandokando. Mkewe akainuka, akachukua mkoba wake, akamjulisha kwamba habari hiyo ina miaka saba.