Ubeti Nilioukata kwa Macho

Nakumbuka Jumapili moja kule mtaa wa Kabiria, mwanangu, na kama ningepewa nafasi ya kuisahau ningeichukua leo leo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, najiita fundi wa sauti, na headphone nilizivaa shingoni hata nikienda dukani kununua maziwa.

Kwaya ya kanisa ilikuwa imeniita nirekodi tamasha lao lote, kisha nilikate, kila wimbo ukae peke yake kwenye CD. Nyimbo kumi na mbili. Niliunganisha nyaya, nikabonyeza kitufe, nikasikiliza nyimbo mbili, kisha nikafuata harufu ya chapati jikoni nyuma ya kanisa. Mashine inarekodi yenyewe, nilijiambia. Nikala, nikaongezewa, nikapiga soga na akina mama mpaka tamasha likaisha.

Kesho yake nilikaa studioni, chumba kidogo cha ghorofani katikati ya jiji, nikaanza kukata. Kompyuta huchora sauti kama mistari, mwanangu. Palipo na ngoma na kinanda mistari hunenepa, palipo na makofi huchafuka, na mtu akiongea peke yake hukonda. Nikajiona nina akili sana. Ya nini kusikiliza saa mbili na nusu? Makofi yakionekana, wimbo umeisha. Mistari ikikonda, huyo ni MC anaongea, futa. Kufikia saa saba mchana nilikuwa nimemaliza. Lile faili kubwa lenye tamasha zima nikalifuta pia, kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa na nilikuwa na rekodi ya harusi moja ya mtaa wa Kinoo ya kuingiza.

Wimbo wa tisa uliongozwa na Shosho Wanjiru, mama mzee aliyeimba na kwaya hiyo tangu usichana wake. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba wimbo ulipoisha watu walipiga makofi, naye akainua mkono wakanyamaza. Akaweka maikrofoni yake chini, akaimba ubeti mmoja zaidi, bila kinanda, bila ngoma. Alikuwa ameutunga mwenyewe na hakuwa amewahi kumwimbia mtu yeyote. Ndani yake alimtaja Mwaura, mwanawe aliyefariki, jina ambalo hakuwahi kulitamka tangu mazishi. Wanasema kanisa zima lililia. Mimi nilikuwa jikoni na chapati ya tatu.

Wiki mbili baadaye, kabla CD hazijagawanywa, Shosho akapata kiharusi. Hakuweza tena kusema hata neno moja.

Binti yake, Njoki, aliniomba niwapelekee CD ya kwanza nyumbani kwao, mtaa wa Satellite. Nilienda nikitabasamu, nikidhani nitasifiwa. Shosho alikuwa ameketishwa kitini, mito pande zote. Tukaweka wimbo wa tisa. Uso wake ukachangamka, na midomo ikajaribu kufuata. Makofi yakaja. Akainua mkono wake mmoja uliobaki na nguvu, akatunyamazisha. Tukangoja.

Wimbo wa kumi ukaanza, ule wa kuchezwa, na vigelegele vyake.

Njoki akaurudisha. Makofi, mkono, wimbo wa kumi.

"Na ile verse ya mwisho iko wapi? Ile ya Mwaura?"

"Si aliweka mike chini," nikasema. "Haikushika."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, siz. Pole sana."

Njoki akainama sikioni mwa mama yake. "Mami, mashine haikushika." Shosho akanigeukia. Kisha akanyoosha ule mkono, akanipigapiga kiganja, kama anayembembeleza mtoto aliyeanguka. Alinionea huruma. Nami nikakubali kuonewa huruma.

Nilikuwa nimedanganya. Maikrofoni za kwaya zilikuwa zimewashwa, na ile mistari myembamba niliiona kwa macho yangu, karibu dakika tatu nzima, nikaifuta nikidhani ni MC. Nilirudi mjini mbio, nikamwita mtaalamu wa kompyuta, tukatafuta siku tatu. Harusi ya Kinoo ilikuwa imeshakalia nafasi yote ya lile faili. Nikawauliza wanakwaya, mmoja mmoja. Mmoja alikumbuka jina, mwingine alikumbuka kitu kuhusu mvua. Walikuwa wakilia, nani angeshika maneno?

Shosho alifariki mwaka huohuo. Kwenye mazishi waliweka wimbo wa tisa, ukakatika palepale nilipoukata, na nikatamani ardhi inifunike mimi badala yake.

Mwanangu, ukikabidhiwa sauti za watu, keti uzisikilize zote, hata zinazochosha, ndipo uguse kisu. Usifute rekodi ya kwanza mpaka wenyewe wasikie na waridhike. Na ukiharibu, sema siku hiyohiyo, mbele ya uliyemkosea, angali hai aweze kukukasirikia. Mimi sikusema. Njoki ananisalimia vizuri kila Jumapili na bado anaamini ilikuwa ni maikrofoni. Mara ngapi nimefungua mdomo nimwambie, nikaishia kuuliza habari za watoto! Nimezeeka hivi, na sidhani nitaweza.

Mungu akupe masikio yenye subira, mwanangu. Na siku utakayokosea, kwa maana utakosea, akukutanishe na mtu atakayekugombeza mpaka ulie, asikupigepige kiganja akakuacha uende zako.