Kamba Fupi za Ngagne Ndiaye

Kwetu Rufisque, akina Ndiaye na akina Diop ni watani tangu enzi za mababu. Mimi ni Diop, mpiga ngoma za mieleka, kwa hiyo kazi yangu ya pili ni kumtukana Ngagne Ndiaye. Nimeifanya kwa uaminifu tangu tukiwa watoto.

Ngagne ni mfupi, na mwanzoni alipigana kama mtu anayechungulia juu ya ukuta: kasimama vidoleni, kifua mbele. Aliangushwa na kila mtu, hata na waliokuja wamechoka. Basi akaenda kwa mganga wetu, Serigne Lo, akafungwa hirizi, kamba za ngozi ya mbuzi kutoka kiunoni hadi chini ya kila goti. Siku hiyo ngozi ilimwishia Serigne, kamba zikatoka fupi. Ngagne asingeweza kunyoosha miguu hata angetaka.

Akaanza kushinda.

Mpiga ngoma hukaa chini, haoni nyuso. Mimi niliona magoti yaliyokunjwa, nyayo zilizotanuka, kiuno kikiingia chini ya kiuno cha mwenzake. Jitu lilimsukuma kwa nguvu zote, nguvu zikateremka miguuni mwa Ngagne zikaishia mchangani. Kisha Ngagne alizungusha nyonga tu, na jitu likapita juu yake. Watu wakasema Serigne Lo ni kiboko. Serigne mwenyewe akaanza kuamini.

Miaka ikaenda, Ngagne akatangaza pambano la kuaga. Tangu afungwe zile kamba mgongo wake haukuwahi kugusa mchanga, na alitaka astaafu hivyo hivyo. Mpinzani alikuwa Talla, kijana mrefu wa Pikine. Kwa heshima ya siku hiyo Serigne akamshonea Ngagne kamba mpya, ndefu, pana, zenye kauri. Asubuhi Ngagne akanipitia kuniringia.

"We Diop, mla makoko, tazama vitu hivi!"

"Ndiaye, hizo ndefu mno. Zile fupi ndizo zilizokuwa zinakukunja magoti. Ukisimama wima hivyo, Talla atakubeba."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Jamani, njooni! Diop anayaonea wivu mpaka magoti yangu!"

"Ngagne, sitanii. Naapa kwa mama yangu."

"Mama yako umemwapia mangapi? Juzi uliapa kwamba babu yangu alizaliwa na mkia!"

Ni kweli, niliapa.

Alasiri akaingia uwanjani wima, kauri zinalia, mtaa mzima unaimba jina lake. Talla akainama. Aliinama vizuri mno, nikaona magoti ya Ngagne wa zamani kwa mtu mwingine. Akampita chini ya mbavu, akamnyanyua, akamlaza chali. Mikono yangu ikasahau ngoma.

Mashabiki walisema Talla ana mganga mkali zaidi. Serigne akasema Ngagne alikanyaga najisi njiani. Mimi nilimpelekea maziwa, nikamkuta kakaa mkekani, mchanga bado mgongoni. Iliniuma sana kumwona vile.

"Diop," akasema, "hivi kweli uliliona jambo hili?"

"Nililiona. Nilikuambia asubuhi."

"Jambo zito kama lile, ungemtuma mtu asiye mtani wangu."

Nikamsogezea maziwa, nikampangusa mchanga mgongoni.