Kendi Ameuza Shamba

Wapendwa, leo shamba letu la Laare limeuzwa nikiwa jikoni namenya viazi.

Nilimsikia binti yangu Kendi kwa masikio haya, akiongea na simu:
"Chukua shamba lote na ng'ombe wote. Ukituma pesa tu, ni lako."

Ng'ombe wote! Tuko na mmoja.

Hati ya shamba nayo nilikuta iko mahali pake, ndani ya sanduku. Nikasema basi amefoji nyingine.

Ningemuuliza mtoto, sivyo? Lakini mimi ni mtu wa imani, kwa hivyo nikapigia watu simu kwanza.

Shemeji alitoka Maua na bodaboda, panga mkononi. Kina mama watatu wa kanisa wakaja na maombi. Tukamweka Kendi katikati ya sebule.

"Nani alikuruhusu kuuza shamba la marehemu baba yako?" shemeji akanguruma.

Kendi akatugeuzia simu.
"Baba mdogo, ni hili. La kwenye gemu."

Na kweli lilikuwa hapo: mahindi, ng'ombe arobaini, hata trekta. Amelilima kwa kidole miaka miwili. Mtu wa Embu amelinunua kwa pesa halisi, na zikaingia tukitazama.

Mama mmoja alikuwa bado anakemea pepo wa kuuza mashamba. Nikamgusa, nikamwambia inatosha, pepo ameshalipa.

Shemeji akasukuma panga chini ya kiti.
"Kendi mwanangu, na huko miraa inamea?"

Kendi hajaniongelesha tangu hapo. Hebu nisaidieni: mzazi anaombaje msamaha juu ya shamba ambalo halipo?