Mama Kitasa na Mtu Asiyemhusu

Kibanda cha Mama Kitasa kilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu, kimebanwa kati ya duka la dawa na ngazi za jengo la ghorofa nne. Ndani mlikuwa na mashine ya kuchonga funguo, tupa za kila ukubwa, ubao uliojaa funguo ambazo hazijachongwa, na kigoda kimoja cha wateja. Mwenyewe alisimama kutwa nzima. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mikono mifupi yenye nguvu, na mdomo ambao mtaa wote uliujua. Ukimpelekea ufunguo, uliondoka na vitu viwili: ufunguo mpya na habari za talaka yake.

Wateja wa zamani waliweza kuzisimulia hizo habari wenyewe. Miaka ishirini na sita ya ndoa. Mume aliyefundishwa kazi ya vitasa na mkewe, wala si mke na mumewe, na hapo Mama Kitasa alikuwa anazima mashine ili usikose kusikia. Kisha yule mwanamke wa kaunta katika duka la vifaa vya ujenzi walikokuwa wakinunua makufuli. Kisha sanduku moja, mashati sita, na mgongo wa mume ukitoka mlangoni. Talaka ilikuwa imetoka miaka miwili iliyopita, lakini yeye aliisimulia utadhani imetoka asubuhi hiyo, na machozi yakimlenga alisingizia vumbi la shaba. Baadhi ya watu walianza kuvuka barabara wakachongewe funguo na fundi wa upande wa pili. Kazi yake ilikuwa ovyo, ila hakuwa na habari za kumpa mtu.

Kuna jambo moja hakumwambia mteja yeyote, nalo ndilo lililomnyima usingizi. Binti yake wa pekee alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Siku ya pili, babu na bibi wa mtoto walikutana wodini, na bibi akamrushia babu chupa ya chai. Haikumpata, ilipata ukuta, lakini wodi nzima iliamka na watoto kumi na moja wakaanza kulia kwa pamoja. Tangu hapo binti akatunga ratiba na kuibandika kwenye jokofu lake: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Mama; Jumanne na Alhamisi, Baba. Alikuwa anafanya kazi ya maabara zamu ya mchana, mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na bila wazee hao wawili asingeweza kwenda kazini, hata ikambidi Mama Kitasa afunge kibanda mapema siku zake tatu.

Mtoto alipofikisha miezi minne, binti alimkalisha mama yake jikoni. Alikuwa amekonda, na macho yalikuwa yameingia ndani.

"Mama, nimechoka kuwa ukuta wenu. Nikifumba macho naota mmekutana ngazini."

"Mwanangu, mimi sina neno na mtu."

"Una chupa ya chai. Sikiliza, mtoto huyu kabla hajaanza kutembea, nataka muweze kukaa chumba kimoja bila mtu kuumia. Mkishindwa, natafuta yaya, na nyote wawili mtakuwa mnakuja kama wageni. Mnapiga hodi, mnakunywa maji, mnaondoka."

Mama Kitasa alirudi kwake akiwa hajui aanzie wapi. Kusamehe alikuwa ameshajaribu, akashindwa. Kusahau ndiyo kabisa.

Wiki hiyohiyo aliitwa ghorofa ya tatu, juu ya kibanda chake. Mpangaji mmoja alikuwa amejifungia nje, nesi mstaafu. Katika miaka yake yote ya kazi, Mama Kitasa hakuwahi kumkuta aliyejifungia nje akiwa mtulivu: wapo wanaopiga mlango mateke, wapo wanaoutukana, yupo mmoja aliyeubembeleza. Nesi alikuwa amekaa kwenye ngazi, macho kayafumba, mikono kaiweka mapajani.

"Dada, unasali au umezimia?"

"Nahesabu pumzi."

"Kwani zimepungua?"

Nesi akacheka, akasogea kumpisha. Alikuwa amefanya kazi ng'ambo miaka kumi na minane, katika hospitali iliyopakana na hekalu la Wabudha, akarudi na pensheni, maumivu ya kiuno, na desturi ya kukaa kimya kila asubuhi. Naye alikuwa ameachwa. Mama Kitasa aliposikia hivyo akaacha vyuma vyake ndani ya kitasa, akageuka.

"Ukaponaje?"

"Niliacha kumshikilia."

"Mimi simshikilii. Aende salama."

"Unamshikilia, dada. Tangu umefika umemtaja mara tisa, na mlango bado." Nesi alisema hivyo bila ukali. "Wale Wabudha walinifundisha kwamba kinachouma zaidi si kitu kilichoondoka. Ni mkono unaokataa kuachia. Kila kitu kinapita, sasa wewe unang'ang'ania nini?"

"Hilo la kupita hata sisi tunalo. Hakuna marefu yasiyo na ncha."

"Basi umeshafika nusu ya njia."

"Na dini yangu je?"

"Iache palepale ilipo. Sikwambii uhame nyumba, nakwambia ufagie."

Akampa kazi ya kufanya kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Dakika kumi, amekaa, awatakie heri watu wanne kwa zamu: kwanza yeye mwenyewe, pili mtu anayempenda, tatu mtu asiyemhusu, ambaye hampendi wala hamchukii, na wa nne, yule aliyemuumiza. Maneno yalikuwa machache. Uwe salama. Uwe na afya. Moyo wako utulie. Usihamie kwa anayefuata, Nesi akaonya, mpaka uliyenaye awe ametulia.

Wa kwanza alimsumbua. Kujitakia heri mwenyewe alikuona kama kujipigia hodi nyumbani kwako ukiwa ndani. Siku ya tatu, akiwa kwenye kigoda cha wateja huku mlango wa bati umeshushwa, alijiambia moyo wako utulie, akaanza kulia, na safari hii mashine ilikuwa imezimwa, hapakuwa na vumbi la kusingizia. Ikamjia kwamba kwa miaka miwili hakuna aliyemwambia maneno hayo, hata yeye. Alilia akamaliza, akanawa uso, akachonga funguo kumi na nne kabla ya mchana.

Wa pili alikuwa mjukuu, na hakuhitaji hata dakika.

Wa tatu ndiye aliyemtoa jasho. Alianza na msoma mita za maji, mtu aliyepita mbele ya kibanda kila mwezi bila wao kuzidi "habari" na "nzuri". Alimtakia heri siku nne, sawasawa. Siku ya tano msoma mita akapita anachechemea, na Mama Kitasa, mtu aliyekuwa amemtakia afya siku nne mfululizo, angenyamazaje?

"Baba, mguu umefanyaje?"

Ulikuwa msumari. Na nyumbani kulikuwa na mama mgonjwa, na mabinti watatu ambao hakuna hata mmoja aliyependa hesabu. Mpaka anaondoka, alikuwa ameshapewa dawa ya kidonda na ushauri juu ya mabinti. Mtu asiyemhusu alikuwa ameharibika.

Akamchukua mlinzi wa duka la dawa. Siku tatu tu, akagundua kwamba mlinzi yule, pande la mtu, anaogopa paka. Akamchukua mwanamke wa miwani myeusi aliyekuwa akipita kila jioni na mfuko wa manjano, na kufikia Ijumaa walikuwa wanaitana shoga. Kila aliyemchagua alimpotea kwa njia hiyohiyo. Miezi mitatu ikapita, akawa na watu tisa wa kuulizia hali, na hakuna hata mmoja asiyemhusu. Wateja nao wakaona mabadiliko: ukimpelekea ufunguo sasa, yeye ndiye anayekuuliza habari zako. Fundi wa upande wa pili akaanza kupiga miayo.

"Umefika kwa wa nne?" Nesi alimuuliza siku moja.

"Bado wa tatu. Wananiharibikia."

"Wanaharibikaje?"

"Nawazoea."

Nesi alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akamtazama. "Au wa nne ndiye unayemkwepa?"

Mama Kitasa akachukua tupa, akaanza kulainisha ufunguo ambao ulikuwa laini tayari. Alijua. Mtoto alikuwa ameshaanza kutambaa, akijishika meza na kujaribu kusimama, na yeye bado anazurura barabarani akitafuta watu.

Jumanne, saa nane na dakika kumi mchana, simu yake ikalia. Namba ile alikuwa ameifuta kwenye simu, lakini kichwani haikufutika. Akaiacha ikatike mara mbili. Ya tatu akapokea.

"Mtoto yuko ndani," sauti ikasema. "Mimi niko nje. Nilitoka kumwaga takataka, upepo ukasukuma mlango."

"Jiko linawaka?"

"Haliwaki. Yuko kitandani kwake. Ameamka, analia."

"Nakuja."

Alichukua mkoba wa kazi, akavuka mitaa miwili karibu kwa kukimbia, akapanda ghorofa tatu. Kitasa kile alikifunga yeye mwenyewe binti alipohamia. Alikichagua kigumu kuliko vyote dukani na kujigamba kwamba mwizi atakesha nacho. Sasa mwizi alikuwa yeye.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni na ndara, kitambaa cha mtoto begani, ndoo tupu mkononi. "Nilijaribu kwa kadi," akasema.

"Kitasa hiki hakifunguki kwa kadi. Nilikufundisha nini?"

Akapiga magoti, akatoa vyuma vyake vyembamba, akaviingiza. Mkono ukatetemeka. Ndani mtoto alikuwa analia, na nyuma yake alikuwa amesimama mtu ambaye kwa miaka miwili alimwandalia hotuba ndefu, yenye sura na aya. Hotuba yote ikampanda kooni. Lakini kitasa hakina habari na hasira ya mtu. Vipini vya ndani, vile vinavyozuia kitasa kisizunguke, ni vidogo kuliko punje ya mchele, na mkono unaotetemeka hauvihisi. Ilimbidi achague kati ya hotuba na mlango. Akafumba macho, akahesabu pumzi mpaka kumi, si kwa utakatifu wowote, ila kwa sababu mjukuu alikuwa upande wa pili.

Alipofumbua alihitaji mwanga, na akakwama kwenye kumwita. Mume wangu haikuwepo tena. Jina lake hakuwahi kulitamka katika ndoa yote. Neno likaja lenyewe.

"Babu, inama hapa unimulikie na simu. Na umwongeleshe mtoto asikie sauti."

Babu akapiga magoti, nayo magoti yakalia kama bawaba kavu. Akaweka mdomo karibu na mlango. "Usilie, baba. Bibi yako amefika. Bibi yako anafungua sasa hivi. Hakuna mlango uliowahi kumshinda bibi yako." Kilio kikapungua, kikawa kwikwi.

Kile kipini cha mwisho kilikuwa kigumu, kinahitaji subira, na katika kusubiri akamtazama kwa pembe ya jicho. Mvi masikioni. Kifungo cha shati kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Mkono unaoshika simu ulikuwa unatetemeka kuliko wake. Akatafuta moyoni mahali palipokuwa panauma, kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa, akakuta pengo tu. Hakumpenda. Hakumchukia. Alikuwa mzee fulani mwenye hofu, aliyejifungia nje. Karibu acheke kwa sauti: mtaa mzima aliuzunguka akitafuta mtu asiyemhusu, kumbe ndiye huyu.

Basi, kwa kuwa kanuni ni kanuni, akamtakia. Uwe salama. Uwe na afya. Moyo wako utulie. Kipini kikaitika.

"Magoti yanakusumbua tangu lini?" akasikia anauliza.

"Mwaka jana."

"Na hospitali hujaenda."

"Sijaenda." Kisha, polepole: "Mama, nilikukosea sana."

"Ulinikosea. Hilo tutalizungumza siku yake. Usitikise taa."

Kitasa kikazunguka. Mtoto alikuwa amesimama kitandani, ameshika vyuma, pua inachuruzika. Bibi akambeba. "Mume wangu," akamwambia, "wewe ndiye mume. Huna meno, huna nywele, na hutoki bila ruhusa." Babu akaangalia chini, kisha akacheka, akaenda kutafuta uji.

Binti alikuwa amepigiwa simu na jirani. Aliingia na koti jeupe la maabara, anahema, na kwa mazoea akajiweka katikati ya sebule, kati ya mama na baba, mikono kainyoosha kidogo. Hakuna kilichorushwa. Babu alikuwa anasema uji umepoa vya kutosha, bibi anasema bado, na mtoto anawaangalia kwa zamu, mdomo wazi.

"Mama," binti akasema. "Leo Jumanne."

"Najua. Kaa."

"Mmeonana?"

"Tunaonana. Kaa, mwanangu, unayumba."

Binti akakaa kwenye kochi. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akasema anapumzika dakika tano tu kisha anarudi kazini. Hata hakujilaza vizuri. Aliinamia upande, mkoba begani, akapotea katika usingizi mzito wa mtu aliyekesha miezi saba. Bibi akamkabidhi babu mtoto, akautoa mkoba begani kwa binti taratibu, akamvua viatu. Kisha wakakaa wote watatu, mtoto akila uji, wakiongea kwa kunong'ona, na hakuna aliyemwamsha.