Maharage ya Bibi Eduvigis

Maji ya mji wetu yana chumvi, na wa kulaumiwa ni bibi yangu. Nami nimemlaumu sana kila nilipofua, maana sabuni haitoi povu hata usugue mpaka vidole vichubuke.

Eduvigis Ovejero alikuwa mpishi wa kambi ya reli, hapa tambarare za mkoa wa Santiago, zamani hizo pakiwa nyika tupu. Mumewe, Nicanor, alichimba visima vya kunyweshea magari ya moshi. Kisima cha hapa kilimfukia kabla hajakimaliza. Wenzake walimfukua, wakamzika hatua ishirini kutoka hapo, kisha wakaendelea kuchimba.

Mhandisi alikuwa na visima viwili vya kuchagua: hiki, na cha Los Talas, mwendo wa siku nzima. Penye maji mazuri ndipo stesheni ingejengwa. Watu wa reli walikuwa na kipimo chao, maharage. Maji ya chumvi na chokaa hayaivishi maharage, na hayohayo huziba boila kwa ukoko. Basi yakaletwa maji ya Los Talas kwa pipa, vyungu viwili vikainjikwa.

Bibi alijua. Miezi mitatu alikuwa amepikia maji ya hapa, na kila mara maharage yalibaki kama kokoto. Alijua pia kwamba kambi ikihama, kaburi la Nicanor litaachiwa mbuzi na mbweha. Mhandisi alipogeuka kuwasha kiko chake, bibi akatupia magadi kwenye chungu cha hapa.

Nyapara Saturnino Bazán, rafiki wa marehemu, ndiye aliyeonja.

"Shemeji, leo maharage yako laini kama ya harusini!"

"Kula, kaka, acha maneno mengi."

Akatia sahihi kwamba maji ya hapa yanafaa. Stesheni ikajengwa, yakafuata maduka, kanisa na watu wa kusengenyana.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mwaka haujaisha, injini mbili zikafa kwa ukoko. Stesheni si hema ya kung'olewa, kwa hiyo maji ya injini yakawa yanaletwa kwa behewa kutoka Los Talas. Mhandisi alikwisharudi kwao. Aliyefukuzwa kazi ni Saturnino. Bibi akamkimbilia, aproni ingali kiunoni.

"Kaka, ni mimi! Nilitia magadi. Nakwenda kuwaambia sasa hivi."

Saturnino alikuwa akifunga sanduku lake. "Kaa chini, shemeji. Unadhani mimi sijui ladha ya magadi?"

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Hakumtazama. "Siku kisima kilipomfukia Nicanor, kamba yake niliishika mimi. Aliniita nimvute. Nikamwambia ngoja kidogo, kuna mtu alikuwa ananisimulia kichekesho."

Bibi alinisimulia haya akiwa mzee kabisa. Nikamuuliza kama alimsamehe.

"Nilimfungia mkate wa njiani," akasema. "Zaidi ya hapo sikuweza."