Waya Juu ya Ua Wetu

Kwetu mtaa wa Kuze mtu hapandi mahali pa juu kimyakimya. Mkwezi akitaka kuangua nazi, au fundi akitaka kuziba bati linalovuja, husimama kwanza chini na kunadi kwamba anapanda, kwa sababu akishafika juu ataona ua wa kila nyumba, na uani ndiko wanawake hukaa vichwa wazi. Tena kunadi peke yake hakutoshi. Lazima mwanamke mmoja ajibu, "Panda." Asipojibiwa hapandi. Nimewahi kuona mkwezi amelala fofofo chini ya mnazi kwa kungoja neno hilo moja.

Nayasema haya mapema ili usije ukatuona wakorofi. Tulikuwa wakorofi, lakini kwa kufuata ada.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vikubwa, waya na globu zilipoanza kuonekana tena mjini. Nyumbani tulikuwa wanawake watatu: shangazi yangu, mjane, binti yake, aliyekwisha kuachwa mara mbili na kila akiachwa akizidi kunenepa, na mimi, niliyekuwa nimeolewa karibuni, mume wangu akishinda bandarini Kilindini. Kazi yetu sote ilikuwa kushona kofia za viua, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Mimi nilishona kwa kulipua. Binti ya shangazi alishona kwa mdomo. Aliyeshona hasa ni shangazi, na kulikuwa na mabwana harusi waliokubali kuahirisha harusi kuliko kuvaa kofia ya mtu mwingine.

Kofia zetu zilichukuliwa na tajiri wetu, Mhindi wa Kibohora mwenye duka la kofia na kanzu. Duka lake lilitazama njia, na mgongo wake uliegemea ua wetu, hata tukikaanga samaki yeye ndiye wa kwanza kujua. Alikuwa mtu mwema, mpole wa maneno, mzaliwa wa papa hapa. Kofia za shangazi alizipanga ndani ya kabati la kioo, pale mlangoni, ambapo kila apitaye huziona.

Mwaka huo viua vya shangazi vikaanza kupinda. Si sana. Mimi nisingegundua, lakini tajiri wetu aligundua, na kwa adabu zake hakusema neno. Alizihamisha tu kofia zake, akazitoa kwenye kabati la kioo na kuziweka rafu ya chini, karibu na soksi. Shangazi aliziona siku aliyopita kwenda kununua uzi. Alirudi nyumbani, akavua buibui, akakaa, na chakula hakukigusa.

"Ni koroboi," alisema mwishowe. "Moshi wake waniua mato."

Hilo tulilikubali sote. Nyumba zetu zimebanana, jua huingia uani adhuhuri likatusalimu na kwenda zake, na kazi nyingi ya kushona ilifanywa mbele ya kale kataa ka mafuta ya taa. Shangazi alikuwa akikasogelea mpaka upindo wa leso yake ukaungua. Bila kofia zake kule kwenye kioo cha mbele, shangazi hakuwa mtu tuliyemjua. Hakugombana na muuza samaki. Hakututukana. Nyumba ikawa baridi.

Ndipo tukasikia kwamba tajiri wetu anataka kulitengeneza duka upya. Duka lilikuwa na globu moja, imening'inizwa tangu kabla ya vita, ikiwaka kwa uvivu. Sasa alitaka taa ndani ya kabati la kioo, panka ya dari, na pasi ya stima ya kunyooshea kanzu, na vyote hivyo viwe tayari kabla ya mfungo, maana Ramadhani na Idi ndiyo mavuno ya muuza kofia. Ule waya wa zamani usingeubeba mzigo huo. Ilibidi uvutwe mwingine mnene kutoka kwenye nguzo ya kichochoro cha nyuma, na kati ya kichochoro na duka hakuna kitu isipokuwa ua wetu.

Shangazi alikwenda mwenyewe. Alimwomba atupe globu moja, itokee ukutani, kwa waya huo huo wake.

"Mamangu," tajiri alisema akicheka, tena kwa heshima, "nyinyi stima ya nini? Kofia zimeshonwa kwa koroboi tangu enzi za mababu."

"Haya, bwana," alijibu shangazi.

Anayemjua shangazi angefunga duka na kukimbia aliposikia hiyo haya.

Fundi aliyeletwa alikuwa kijana wa Rabai, Mkristo, mtaratibu, mwenye ngazi ndefu na sauti nyembamba. Tajiri alikuwa amemfundisha ada ya mji. Alisimama kichochoroni, akakohoa.

"Hodi, mabibi. Napanda."

"Hodi karibu," alijibu shangazi, sindano mkononi. "Sabalkheri, mwanangu."

"Sabalkheri, bibi."

"Kwenu hawajambo? Mamako mzima? Mvua mumepata huko?"

Akajibu moja baada ya jingine. Alikuwa amelelewa vizuri, maskini, hakujua kukatiza salamu za mtu mzima. Alipomaliza kueleza habari za mvua, mahindi na mguu wa babake, akarudia kwamba anapanda.

"Ngoja kwanda," shangazi akasema. "Kuna mtu yuwaoga."

Hakuna aliyekuwa akioga. Binti ya shangazi akachota maji kwa kata akayamwaga sakafuni, halafu mengine, akiimba. Alioga hivyo, amevaa nguo zake zote, mpaka adhuhuri ikaadhiniwa na fundi akaenda kula.

Kesho yake tulikuwa tumeosha nywele. Kesho kutwa nilipakwa hina, na mtu mwenye hina mikononi na miguuni hawezi kukimbilia ndani, kila mtu anajua. Siku iliyofuata ikawa zamu ya binti ya shangazi. Kisha tukafua. Fundi alikuja kila asubuhi na ngazi yake, akatusalimia, akatuuliza hali, na sisi tukamjibu kwa ukarimu mkubwa, tukampitishia chai na mahamri kwa mlango wa nyuma, mkono tu ukionekana. Neno moja tu ndilo tulilomnyima. Nakiri nilikuwa nimeanza kumpenda yule kijana kwa namna mtu anavyompenda mbuzi wa Idi.

Tajiri akaja mwenyewe kichochoroni. Alisema anaelewa, stara ni kitu kikubwa, na yeye ana mke na mabinti. Basi fundi atafungwa kitambaa machoni.

Kisha tukamsikia fundi, kwa ile sauti yake nyembamba, "Bwana, mimi stima siishiki nikiwa sioni. Mtafute mwingine mwenye hamu ya kufa."

Binti ya shangazi alijiziba mdomo kwa leso akaingia jikoni kucheka.

Siku ya pili tajiri akaleta jora zima la marikani, wakalitundika juu ya miti kuukinga ua wetu usionekane. Hiyo akili ilikuwa nzuri, na ingetushinda, lau si upepo wa bahari uliolitia tumbo kitambaa kile hadi miti ikang'oka, jora likatua uani kwetu kwenye dimbwi la maji ya kufulia. Tulilichukua kwa uangalifu. Tukalifua. Tukalianika uani, refu, lenye kujaza kamba zote.

"Panda basi," tajiri alimwambia fundi, kachoka.

"Bado, hatuyamaliza kuanika," shangazi akajibu kutoka ndani, ingawa hakuulizwa yeye.

"Mamangu, kwani mwataka nini?"

"Sisi? Hatutaki kitu, mwanangu. Tuko kwetu."

Na kweli hakumwambia. Nilimuuliza jioni ile kwa nini asiseme globu, mambo yakaisha. Alinitazama, au alitazama upande niliokuwapo, akasema kwamba kuomba alikwisha kuomba, na mtu haombi mara mbili mahali alipochekwa.

Shaaban ikaingia, mwezi wa mwisho kabla ya mfungo. Duka la tajiri lilikuwa limejaa vumbi la kutoboa kuta, panka imelala sakafuni, kabati la kioo tupu. Mwisho akamtuma mkewe. Yule bibi alikuja kwa mlango wa nyuma, amejitanda, na nadhani alikuwa amepewa hotuba ndefu ya kututolea. Hakuitoa. Tulimkaribisha mkekani, tukampa kahawa na kaimati, binti ya shangazi akamweleza ndoa zake mbili kwa mpangilio, na yule bibi akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha, katika kujipangusa, akamwona shangazi aliyekuwa akiendelea na kofia yake pembeni. Aliona masizi ukutani nyuma ya koroboi. Akaushika upindo wa ile leso iliyoungua, akauachia. Akamaliza kahawa na kuaga.

Sijui walizungumza nini huko ghorofani kwao, juu ya duka. Najua tu kwamba mchana ule hatukusikia harufu ya chakula kutoka jikoni kwa yule bibi, na tajiri alionekana akinunua mkate.

Asubuhi fundi akapiga hodi. "Mabibi, bwana asema globu moja ni yenu, kwa waya wake, na stima atalipa yeye. Asema ni salamu ya mfungo."

Uso wa shangazi ulinawiri kama wa mtu aliyepelekewa posa.

"Panda, mwanangu," alisema. "Panda upesi, umetuweka sana."

Kazi yote ilimalizika siku mbili. Fundi alipoingia chumbani kufunga globu yetu tulikaa nyuma ya pazia tukimwamuru, kushoto kidogo, hapana, kulia, rudisha ilipokuwa, naye akatii bila kulalamika. Alipotoka binti ya shangazi akaikamata swichi. Aliwasha akazima, akawasha akazima, mpaka fundi akarudi mbio kutoka kichochoroni akidhani kuna hitilafu.

Baada ya magharibi shangazi akatandika mkeka chini ya globu. Alivaa leso mpya. Koroboi alikwisha kuipeleka jikoni kwa kuikejeli, akiiambia ikaonane na mapanya. Akachukua sindano na uzi.

Uzi haukuingia. Akaulowesha mate, akauviringa, akajaribu tena. Akainua sindano karibu na globu, akaishusha, akaiweka mbali, akaileta puani. Binti yake alikuwa akieleza jambo la kuchekesha, akaacha katikati na kuitazama ile sindano.

"Globu hii ndogo," shangazi alisema. "Huyo Bohora ametupa ya banda la kuku."

Fundi akaitwa, akaleta kubwa zaidi. Chumba kiliwaka hata tukaona mende tuliokuwa hatuwajui. Shangazi akasema sasa sawa, sasa ndiyo taa. Nikamtungia uzi kwa kisingizio kwamba nataka kujifunza kutunga haraka. Akaanza kushona, na viua vilikuwa vimepinda vile vile.

Mimi na binti yake hatukujadiliana. Shangazi akienda kulala mchana, mmoja wetu alifumua viua vyake na mwingine akashona upya, pole pole, kwa utulivu ambao hatukuwahi kuutumia kwa kofia zetu wenyewe. Tulikuwa tumewazungusha wanaume wa Kuze nzima. Bibi mmoja aliyelala angetushinda nini? Ramadhani ilipofika kati, kofia za shangazi zilirudi kwenye kabati la kioo, chini ya taa mpya. Tajiri alikuja mwenyewe mlangoni kumwambia. Alimwambia pia kila aliyepita dukani kwamba mamake kule nyuma amerudiwa na mkono wake tangu apate stima, na kwamba fikira hiyo ya globu ilikuwa yake yeye.

Shangazi akarudi kugombana na muuza samaki. Tukatukanwa tena. Nilifurahi sana.

Jioni moja, siku chache baada ya Idi, alikuwa ameketi mahali pake chini ya globu na kofia magotini. Hakuwa akishona. Alikuwa akipitisha ncha ya kidole juu ya viua, kimoja, kingine, kingine. Mimi nilikuwa mlangoni nikimenya vitunguu.

"Hapa umevuta uzi," akaniambia. "Kiua hakitaki kukabwa. Zungusha, kisha uache kipumue."

Kisu kikasimama mkononi. Nikaanza kujitetea.

"Nyamaza. Hapa mwanangu ndiye aloshona, mkono wake mzito. Hapa wewe. Changu mimi ni hichi kimoja, mumesahau kukifumua."

"Tangu lini umejua, shangazi?"

"Tangu kofia ya kwanda."

Akajivuta kutoka kwenye mkeka, akipapasa ukuta, mpaka akafika pembeni kule ambako mwanga ulikuwa haufiki vizuri. Akaketi, akanyoosha miguu, akaupiga ukingo wa ule mkeka kwa kiganja.

"Ndoo ukae hapa chini ya taa, nikufundishe hasa. Mimi popote ni mamoja."

Nikaenda nikakaa mahali pake na kuichukua kofia. Machozi yalikuwa yakinitiririka kwenye mwanga ule wote, na yeye, umbali wa mkono mmoja tu kutoka nilipokuwa, akaniuliza mbona sijaanza kushona.